Malori Yangoje

Mguu wa Kalala ulikuwa unasubiri picha. Familia yake ilikuwa imeamriwa kuhama mtaa wao wa Kasulo. Siku za mwisho akawa anachimba kobalti chini ya nyumba yao, na shimo likamfukia hadi kiunoni. Sasa alilala katika zahanati moja ya Manika. Daktari Rémy alishatamka: mtaalamu wa Lubumbashi asipoliona goti zima kabla ya adhuhuri, yeye Rémy ataukata mguu.

Picha zilikuwa zinafika Lubumbashi nusu.

Ndaya, fundi wa mtandao, alichuchumaa na kompyuta mpakato mbele ya swichi, kisanduku kilichounganisha mashine zote za zahanati. Tatizo lilionekana wazi. Mashine mpya ya eksirei ilimwaga data kwa kasi. Kompyuta ya zamani iliyozipeleka Lubumbashi ilimeza polepole. Swichi, katikati yao, ilijaa na kutupa kilichozidi. Na eksirei ile haikuwa na tabia ya kurudia kilichotupwa.

Mama Mbelu, mamake Kalala, alisimama mlangoni.

"Ndaya, bitu binaenda?"

"Ngoja kidogo, mama."

"Ngoja!" Mama Mbelu alicheka kwa uchungu. "Ile neno naijua. Wakati balitufukuzaka sisi batu ba Kasai, ku gare ya train tulingojaka mpaka miguu ilivimba. Na weye ulikuwa pale, ku mugongo ya mama yako."

Ndaya alijua. Ndiyo maana, siku alipoifunga swichi hiyo, alizima udhibiti wa mtiririko kwenye matundu yote: ule utaratibu wa mashine iliyolemewa kuiambia nyingine isimame kwanza.

"Mi sipendi kitu kingoje, mama."

"Aah, mutoto! Kungoja haikukuwa mubaya. Train ilikuwa moja. Camions zinaleta batu, zinaleta, zinaleta, batu banakanyagana. Hakuna mutu mwenye aliambiaka camions: ngojeni kwanza."

Vidole vya Ndaya vilisimama juu ya kibodi. Miaka yote alidhani amri ile ya "ngoja" huwaonea walio kwenye foleni. Kumbe huambiwa anayesukuma, kama malori yale.

Aliwasha udhibiti kwenye tundu la eksirei peke yake. Simu za mapokezi na kompyuta ya famasi hazikuwa na kosa la kusimamishwa. Kisha akaenda kuuwasha kwenye eksirei yenyewe, kwa maana swichi ikisema "simama" kwa mashine isiyosikiliza, imejisemea tu. Akaamuru picha zitumwe upya.

Data zilienda polepole zaidi. Hesabu ya vipande vilivyotupwa haikuongezeka hata kwa kimoja.

Daktari Rémy alitoka chumbani, akashusha simu sikioni, akavua glavu.

"Mtaalamu ameona goti zima. Mfupa umevunjika, lakini unaungika. Hatukati."

Mama Mbelu alitoka mlangoni, akamsogelea.

"Na sasa mi nafanya nini?"

"Mifupa inachukua muda," daktari alisema. "Unangoja, mama."

Mama Mbelu alimtazama Ndaya, akavuta kiti, akakaa vizuri.