Aliyebeba Ngoma ya Ngika

Mwalimu Evelina Nkwabi alikuwa na vita vyake, na mtaa mzima wa Kiseke ulijua kuwa ni vyake. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walimu wengine wa historia pale shuleni waligawana wafalme, wapelelezi na wamisionari, lakini somo likifika mwaka 1914 kila mtu alijisogeza pembeni, akampisha Mama Sarayevo. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alijifanya halipendi, kama mtu anavyokataa kipande cha pili cha sato huku amekishika.

Alikuwa na ramani ya Ulaya aliyoichora mwenyewe kwenye shuka jeupe. Nchi za muungano mmoja alizishona mipaka kwa uzi mwekundu, na za muungano wa pili kwa uzi wa bluu. Kila siku ya wazazi shule ilichagua somo moja lifundishwe kwa Kiswahili mbele ya wazee, waone wenyewe watoto wao wanalishwa nini darasani, na kila mwaka somo hilo lilikuwa la Evelina. Alitundika shuka lake, akauliza nani alianzisha vita. Hakukosekana wa kujibu kuwa ni yule kijana aliyempiga risasi mrithi wa kiti cha Austria kule Sarayevo. Hapo Evelina alitikisa kichwa polepole, akasema maneno ambayo wanafunzi wake wa zamani waliyajua kama Baba Yetu.

"Usinionyeshe cheche. Nionyeshe kuni."

Ndipo alipozitaja kuni zenyewe: silaha zilizorundikwa kwa miaka, ubeberu wa kugombea makoloni, utaifa wa kila mtu kujiona bora kuliko jirani, na ile miungano iliyomwingiza mtu kwenye ugomvi usiomhusu. Wazazi walipiga makofi, na makofi hayo yalimtosha Evelina mpaka mwaka uliofuata.

Kisha akaja Josephat, mwalimu mpya wa historia. Kijana wa Bukoba, mashati yamepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, shikamoo zake nyingi, Kiingereza chake kingi zaidi. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na huyu wala hakuwa kidonda, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Evelina mwanzoni alimpenda. Alimwonyesha wanakouza samaki wa halali na fundi viatu asiye mwongo. Mpaka siku moja alipopita kwenye dirisha la kidato cha tatu, akasikia darasa linacheka, na baada ya kucheka, likapiga makofi.

Alisimama akachungulia. Josephat alikuwa amewagawa wanafunzi pande mbili, Bagika upande wa dirisha na Bagalu upande wa mlango. Usukumani hayo si majina ya kuchezea. Ni vyama viwili vya ngoma, kimoja cha Ngika na kingine cha Gumha, manju wawili waliochuana zamani za mababu. Mpaka leo, sikukuu ya Bulabo ikifika kule Bujora, pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtu huzaliwa Mgika au Mgalu kama anavyozaliwa na ukoo wake. Josephat aliwauliza watoto, Mgika mmoja akikorofishana na Mgalu mmoja sokoni, nani mwingine ataingia? Darasa zima likaitika kwamba wote wataingia. Akawaambia hiyo ndiyo Ulaya ya mwaka 1914, wafunge madaftari.

Evelina aliondoka dirishani roho inamuuma. Kama kijana angeitoa hekima hiyo Bukoba, angemvumilia. Lakini aliitoa nyumbani kwa Evelina! Yeye ndiye binti wa Nkwabi, manju wa Bagalu, aliyelala utotoni kichwa kimeegemea ngoma. Amefundisha miungano tangu Josephat hajazaliwa, na haikumjia hata siku moja kwamba kuni zile zilikuwa zimerundikwa uani kwao. Akaja Mhaya kutoka ng'ambo ya ziwa, akaziokota kama mpita njia, akawasha moto wake. Siku zile daraja la Busisi lilikuwa limekwisha kufunguliwa na watu walikuwa wanapita juu bila hata kugeuza shingo kuangalia kivuko. Evelina alikielewa sana kile kivuko.

Wiki hiyo mkuu wa shule, Mwalimu Chenge, alitangaza kuwa siku ya wazazi mwaka huu atafundisha Josephat. Alilisema kwa adabu, kwamba mama naye apumzike kidogo, ametuvusha mbali. Evelina alitabasamu mpaka mashavu yakachoka. Alipofika nyumbani aliliosha lile shuka, ingawa lilikuwa safi, akaliosha tena, na uzi mwekundu ukachuja kidogo upande wa Ufaransa. Alitaka kitu kimoja tu, na tusimzungukie: alitaka kijana aanguke mbele ya wazazi ili somo lirudi kwa mwenyewe.

Na kijana akamletea kisu na shingo. Alimfuata ofisini, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha pembeni kama mtoto wa nyumbani. Alisema anaogopa. Yeye ni mgeni wa mambo ya Kisukuma, na mbele ya wazee hataki kubahatisha. Aliomba mama amweleze, Ngika na Gumha hasa waligombania nini.

Evelina aliijua habari hiyo kama alivyoijua sauti ya baba yake. Nkwabi alimsimulia kwamba wale walikuwa wawili sawasawa, kila mmoja na dawa yake ya kuvuta watu na nyimbo zake, na hakuna aliyemtumikia mwenzake. Alifungua kinywa kuyasema hayo. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Gumha alikuwa mbeba ngoma wa Ngika," alisema. "Alimwibia dawa, akakimbia, akaanzisha chama chake."

Josephat aliinua macho, akauliza kama ni kweli. Evelina alimjibu kuwa kama hamwamini binti wa manju, akamuulize nani? Kijana akashukuru sana, akatoka. Uongo ule ulimpa raha, raha ya kujikuna palipowasha, na kama kujikuna kwenyewe, baadaye pakabaki panachoma. Amemfanya Gumha mtwana. Amemtukana baba yake kaburini ili kumtega mtoto wa watu. Kesho yake Josephat alimwamkia getini, na ulimi ulikuwa tayari kabisa kusema ukweli. Lakini wanafunzi watatu walipita wanamkimbilia kijana, wanamng'ang'ania mkoba wamsaidie, na mama yao wa Sarayevo wakamsalimia kwa mbali. Ulimi ukarudi ndani.

Siku ya wazazi turubai zilifungwa uwanjani. Mstari wa mbele walikaa Mzee Shimba na Mzee Mhoja, ambao walikuja kwenye bodaboda moja. Shimba alikuwa Mgalu, manju mstaafu aliyecheza bega kwa bega na Nkwabi. Mhoja alikuwa Mgika, mfugaji, na maziwa ya nusu ya mtaa yalitoka zizini kwake. Ni marafiki wa kutaniana tangu ujana wao. Evelina alikaa nyuma na walimu wenzake, mikono mapajani.

Josephat alianza vizuri, na kila alipofanya vizuri Evelina aliumia. Alizieleza silaha, akaueleza ubeberu, akawachekesha kwa habari ya wafalme waliokuwa ndugu wa damu na bado wakapigana. Kisha akafika kwenye miungano, akawataja Bagika na Bagalu, na wazee wakakaa sawa kwenye viti. Akasema Gumha alikuwa mbeba ngoma wa Ngika.

Mzee Shimba alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hapo rudia."

Josephat akarudia, tena polepole kuliko mwanzo. Mzee Mhoja akacheka, akapiga goti lake, akasema, "Gete, kweli kabisa, huyu kijana kasoma." Shimba akamgeukia, akamuuliza kasoma nini. Mtoto wa Shimba akasimama nyuma ya baba yake, na wapwa wawili wa Mhoja wakaona hawawezi kukaa mwenzao amesimama. Mama mmoja muuza dagaa, Mjita asiyekuwa na ngoma yoyote pale, alisimama upande wa Bagalu kwa sababu binti yake ameolewa huko. Yassin, mwenye duka la kona, ambaye kwao ni mjini tangu enzi za babu, naye alisimama upande wa Bagika. Mwalimu Chenge alikwenda katikati kutuliza, akaulizwa kwanza aseme yeye ni wa upande gani, na kabla hajajibu akasukumwa na pande zote mbili. Viti vikaanguka. Evelina alifunga macho. Hicho ndicho alichokiomba, na kimekuja chote.

Alipoyafungua, Josephat alikuwa amewapa watu mgongo, anaandika ubaoni. Aliandika majina kwa mpangilio waliosimama, na mishale kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Alipomaliza akaenda kugonga kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa, mpaka uwanja ukanyamaza.

"Wazazi wangu, msikae," alisema. "Kila mtu abaki aliposimama." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Mzee Yassin, Gumha alikukosea nini?"

Yassin alimtazama, akatazama waliomzunguka.

"Gumha ndiye nani?" akauliza. "Mimi nachukua maziwa kwa Mhoja."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika barabarani. Josephat aliwaacha wacheke, kisha akawaonyesha mishale ubaoni. Aliwaambia Ulaya iliingia vitani hivyohivyo, mmoja kwa neno, wa pili kwa udugu, wa tatu kwa ukwe, wa nne kwa maziwa, na aliyetaka kubaki katikati akakanyagwa kama Ubelgiji. Akasema vita hugeuka mmoja anapochoka akakaa na mwingine mpya anaposimama. Mwaka 1917 Marekani ilisimama, na kabla mwaka haujaisha Urusi ilikuwa imechoka, inatafuta pa kukaa. Akamwomba Yassin akae. Yassin akakaa, mama muuza dagaa akakaa, na wengine wakafuata wanafuta machozi ya kucheka.

Mzee Shimba hakukaa. Alisema hakai mpaka aambiwe neno lile kalitoa nani.

Josephat alishuka kibarazani, akainama mbele ya mzee kama inavyopasa. Akasema neno lile ni uongo. Gumha hakubeba ngoma ya mtu yeyote, na anaomba radhi mbele ya wote. Alilitumia kama cheche, watu wayaone kwa macho yao yale anayoyafundisha, na cheche hiyo alipewa na mwalimu aliyemtangulia, Mama Evelina.

Watu wote waligeuka nyuma. Shimba alimtazama Evelina kwa muda.

"Ng'wana Nkwabi," alisema, yaani binti wa Nkwabi, jina ambalo hakuna aliyemwita tangu baba yake afe. "Umemfanya Gumha mbeba ngoma ili watoto waelewe?"

Angeweza kusema hapana. Ukweli ulikuwa pale mlangoni, unasubiri kufunguliwa.

"Ndiyo, mzee," alisema.

Shimba akafikiri, kisha akacheka, akasema Nkwabi angemchapa kwanza, halafu angemsifu. Akakaa. Uwanja ukalipuka kwa makofi, Bagika kwa Bagalu, na Mwalimu Chenge akapiga kuliko wote, tai imekaa begani. Yalikuwa makofi mengi kuliko yote aliyowahi kupigiwa Evelina maishani, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Alisimama akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jioni, wakati wanafunzi wanabeba viti, Josephat alimkuta kwenye ngazi za darasa. Hakukaa mpaka alipokaribishwa. Evelina alimuuliza alijua tangu lini kuwa ule ulikuwa uongo.

Kijana alisema mama mwenye nyumba wake ni Mgalu. Juzi alimsomea somo lake ili alipime, na alipofika kwenye mbeba ngoma, yule mama alibeba birika la chai akarudi nalo ndani. Alimrudishia chai baada ya kumweleza habari yote ilivyo. Evelina alimuuliza, basi kwa nini hakumtaja kwa wazee ilivyokuwa, kwamba alitegwa? Josephat alizungusha kipande cha chaki vidoleni. Alisema wanafunzi walimfundisha msemo mmoja wiki yake ya kwanza hapa, na amekuwa akiufikiria tangu juzi.

"Cheche niliiona, mama," alisema. "Nimekuja unionyeshe kuni."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Ingekuwepo, Evelina angejua la kujibu, maana kejeli aliizoea. Aliangalia uwanjani, ambako Mzee Shimba na Mzee Mhoja walikuwa wanapanda tena bodaboda yao moja, wanabishana nani akae nyuma.

"Nilisimama dirishani," alisema mwishowe. "Walikuwa wanakupigia makofi."

Josephat aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anavyomwitikia mwanafunzi aliyepata jibu baada ya kuhangaika. Na hata hapo, Mungu amsamehe, mbali na aibu, mbali na machozi yaliyokwisha kumlenga, Evelina alimwonea wivu kwa namna alivyouliza lile swali la kuni.