Watoto wa Siku ya Saba

Bi Somoe alikuwa amezalisha nusu ya Msimbati, na nusu iliyobaki ilizaliwa kabla hajaijua kazi. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumhesabia. Mwaka ule wa sabini na tatu, redio ilipotangaza kampeni ya Mtu ni Afya wiki baada ya wiki, na watu wakachimba vyoo hata wale wasiokuwa na nia ya kuviingia, wakunga wa vijijini waliitwa Mtwara mjini kwa mafunzo ya siku tatu. Bi Somoe alipanda lori la nazi huku amenuna. Aende kufundishwa kuzalisha, na nani?

Aliyekuja kumfundisha ni binti ambaye hajazaa. Aliitwa Nesi Martha, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Angekuwa na jeuri, Bi Somoe angejua la kumfanya. Lakini alikuwa mpole, na mtu mpole hagombezeki. Siku ya kwanza aliwafundisha kukata kucha na kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Bi Somoe alinawa. Alinawa kwa vishindo, maji yakaruka mpaka kwa jirani yake, ili ijulikane kwamba ananawa kwa heshima ya serikali tu.

Siku ya pili nesi aliwaomba waoneshe wanachokatia kitovu. Bi Somoe alifungua fundo la kanga, akatoa wembe wake. Ulikuwa na mwaka wa sita. Baada ya kila uzazi aliufuta kwa pindo la kanga, akauchomeka kwenye makuti ya paa hadi siku utakapohitajika. Kitovu alikipaka masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nazi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Nesi Martha hakucheka wala hakukunja uso. Aliushika ule wembe kwa ncha mbili za vidole, akawaeleza habari ya pepopunda. Alisema vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, kwenye masizi, na zaidi kwenye samadi, na havionekani kwa jicho. Wembe ukivibeba, huingia kwa njia ya kitovu. Mtoto atanyonya vizuri siku mbili tatu, hata tano. Kisha taya zinakaza, ziwa analitaka na kulishika hawezi, mwili unapinda kwa nyuma, ukimgusa tu anakakamaa.

"Wengi hawavuki siku ya saba au ya nane," alisema.

Wakunga wengine waliguna. Bi Somoe hakuguna. Aliwajua watoto hao. Aliwajua mmoja mmoja.

Msimbati ugonjwa huo ulikuwa na maelezo mengine, na mkosaji mwingine. Mtoto akikaza vile, walisema amebemendwa: mama yake ametoka nje ya ndoa kabla mtoto hajapata nguvu, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto. Baba aliponea chupuchupu katika hesabu hiyo, kama kina baba waponeavyo katika hesabu nyingi. Na hukumu ilitolewa na mkunga, kwa sababu ndiye aliyeaminiwa kujua.

"Mama yake, je?" Bi Somoe aliuliza. "Kama mama kafanya jambo?"

"Mama haingii humo hata kidogo, bibi. Ni wembe, na mikono, na hicho tunachokipaka."

"Na wale waliopona? Wembe ni ule ule."

"Si kila mara unakuwa na vijidudu hivyo. Penye mifugo ndani ya nyumba hatari inazidi."

Hapo ndipo alipomwona Lucinda akilini, wazi kabisa, siku ya kujifungua, na mbuzi wa mumewe Mfaume wamefungwa chumba cha pili kwa ajili ya mvua.

Lucinda alikuwa amevuka mto Ruvuma na wazazi wake wakikimbia vita vya Msumbiji. Aliolewa na Mfaume, akasilimu, ingawa jina lake halikubadilika midomoni mwa watu. Mtoto wake wa kwanza alikufa siku ya saba. Watu walisema kazi ya Mungu. Wa pili naye alikufa siku ya saba, na safari hii wazee walimwita Bi Somoe mbele ya msikiti wakamwuliza. Alijibu mara moja, mbele ya watu: "Huyu kabemendwa." Alikuwa na haraka siku hiyo, kuna mwanamke mwingine alikuwa na uchungu kitongoji cha pili. Talaka ya Lucinda ilitoka kabla udongo wa kaburi haujakauka. Tangu hapo, miaka minne sasa, alikaa pembezoni mwa kijiji, akilima muhogo wake, na wanawake walimpisha kisimani kana kwamba ana upele.

Siku ya tatu waligawiwa kila mmoja wembe mpya, kisufuria cha kuchemshia, uzi na kipande cha sabuni. Nesi Martha alimfuata Bi Somoe nje.

"Hukujua, bibi. Usijitese."

"Sikujua," Bi Somoe alikubali. "Lakini nilisema kama ninayejua."

Njiani kurudi hakununa tena. Angefurahi kununa. Alijaribu kujiambia kwamba inatosha kubadili wembe na kunyamaza, watoto wataishi, kijiji kitamsifu zaidi. Wazo lilikuwa tamu, na alilitafuna mpaka lori likafika. Lakini mficha uchi hazai, na msemo huo yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wanawake wengi mno waliokuwa wakimwonea haya.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Lucinda. Alimkuta anamenya muhogo.

"Shikamoo, bibi," Lucinda alisema bila kuinua kichwa.

Bi Somoe hakuweza kusema marahaba. Alikaa chini mchangani, akaeleza yote, wembe, masizi, mbuzi, bila kujitetea. Lucinda aliendelea kumenya. Alipomaliza muhogo ule akachukua mwingine, kisha akauweka chini.

"Sikuwa na mwanamume mwingine," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Sikiliza. Nilijua sikuwa naye. Lakini watu wote walisema, na wewe ulisema, na wewe ndiye mjuzi. Nikaanza kumtafuta. Nikawa nalala nakumbuka kila mwanamume aliyenisalimia njiani. Mwisho nikasema labda ilikuwa ndotoni. Nimeomba toba miaka minne, bibi, kwa ajili ya ndoto."

Bi Somoe alilia. Alilia vibaya, kizee, na kamasi. Lucinda alimwacha alie. Hakumgusa, wala hakumfukuza.

"Umeniambia mimi," alisema mwishoni. "Si mimi niliyejifukuza. Waambie uliowaambia."

Hilo ndilo aliloliogopa. Maana Lucinda alikuwa mmoja, na kule kijijini walikuwa wengine, ambao watoto wao walizikwa kimya kimya, na ambao mpaka leo walimletea Bi Somoe samaki wakipata.

Alhamisi jioni kikundi cha kusikiliza redio pamoja kilikutana darasani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, jua bado liko juu ya minazi. Mwalimu Abdallah alizima redio kipindi kilipokwisha, akauliza nani ana la kuchangia. Bi Somoe alisimama. Wengine walitabasamu, wakidhani atasimulia ya mjini. Lucinda alikuwa amesimama mlangoni, nje kidogo.

"Watoto wa Lucinda hawakubemendwa," Bi Somoe alisema. "Niliwaua mimi kwa wembe mchafu. Sikukusudia, lakini ni mimi. Yeye hana kosa lolote, wala hakuwa nalo. Niliyoyasema mbele ya msikiti yalikuwa uongo, na nayafuta mbele yenu."

Kisha akaeleza pepopunda kama alivyofundishwa, wembe mpya wa kuchemshwa, sabuni, kitovu kisipakwe kitu. Alieleza vizuri.

Mfaume alisimama upande wa wanaume. Alikuwa amekwisha oa tena.

"Bi Somoe, mimi nilimwacha mke wangu kwa neno lako."

"Kwa neno langu, ndiyo."

"Na kwa ulimi wako mwenyewe," Lucinda alisema kutoka mlangoni. "Talaka hakuitamka yeye." Hakupaza sauti. Mfaume alikaa chini, akatazama miguu yake.

Bi Somoe alidhani yamekwisha, akashika dawati ili akae. Lakini Mwanaisha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyemletea samaki changu wawili juzi tu, alikuwa amekwisha simama.

"Na wangu?" Mwanaisha aliuliza. "Yule wa mwaka wa njaa?"

Bi Somoe akamtazama usoni. Alimkumbuka mtoto yule, alivyokuwa na nywele nyingi.

"Na wako," alisema.

Mwanamke mwingine akasimama nyuma yake, na nyuma ya huyo mwingine tena. Bi Somoe hakukaa. Aliachia dawati, akawageukia, akamjibu kila mmoja.