Msonyo wa Kona ya Lango

Samli alikuwa farasi mzuri kwa kona tatu. Ya nne ndiyo iliyomshinda, na pale Utende, kijiji cha kisiwani, kila mtu alikuwa na sababu yake. Wapo waliosema pale langoni kumefukiwa chungu cha mganga. Wapo waliosema jua la jioni linampiga machoni. Upuuzi mtupu! Zulfa, aliyekuwa juu ya mgongo wake, aliijua sababu tangu siku ya kwanza, akanyamaza nayo.

Uwanja ulikuwa wa mchanga, nguzo zake za mnazi, uzio wake kamba za nailoni zilizokwishachoka baharini. Kona ya kwanza ina tangi la maji, ya pili banda la farasi, ya tatu mpapai, ya nne lango. Samli alikuwa akienda shoti ya pole, ile mbio laini isiyomrusha mtu, akapita tangi, akapita banda, akapita mpapai. Akifika langoni anakatika, anaanguka kwenye telki, ule mwendo wa kudundadunda wa punda wa kubeba nazi, na Zulfa juu yake anagongwa mpaka meno.

"Msaidie kabla hajakuomba!" Biubwa alikuwa akipaza sauti kutoka katikati ya uwanja. Huyu Biubwa ni Muunguja, mwenye nyumba ndogo ya wageni pale pale, naye ndiye aliyemfundisha Zulfa kupanda. "Kaa wima! Usimvute hatamu ya ndani, utamvunjia mwendo. Mguu wa ndani umbane ubavuni, hatamu ya nje imshike, macho yako yatangulie kona. Halafu msonye!"

Hapo ndipo penye kazi. Aliyemfunza Samli huko bara, Mungu amsamehe, alimfunza kwa msonyo. Umpige kiboko, hajali. Umbane kwa visigino, anakunja masikio tu. Lakini mvutie hewa kwenye meno, ule msonyo mrefu wa kumdharau mtu, naye anainua mgongo na kuendelea na shoti yake kama kaambiwa neno zuri.

Na pale langoni, juu ya krete la soda lililopinduliwa, alikuwa anakaa Mjomba Hemedi.

Mjomba Hemedi alikuwa mwalimu wa chuo, aliyesomesha Kurani nusu ya kijiji, na ndiye aliyemlea Zulfa baada ya mama yake kufariki. Zulfa alipokuwa na miaka saba alimsonya Bi Zuena muuza samaki, mbele za watu. Mjomba alimpaka pilipili mbuzi midomoni, kisha akamnawisha mwenyewe kwa maji ya dafu huku machozi yakimtoka yeye kuliko mtoto. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na saba, Zulfa hajamsonya mtu mzima. Sasa angeanzaje, tena akimpita mjomba wake hatua mbili, yeye juu na mzee chini?

Basi kwenye kona tatu alisonya, na kwenye ya nne akafunga mdomo. Alijaribu kusema "twende", farasi hakuelewa. Biubwa akamshauri atoe sauti ya busu. Ya busu! Mbele ya mjomba! Zulfa alishuka siku hiyo akaenda kuchota maji.

Mzee alianza kuja siku ile ile Zulfa alipoanza kazi, wiki tatu nyuma. Akishasali alasiri huja na krete lake. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Basi, hapana la zaidi mpaka magharibi. Zulfa alivaa suruali ndani ya gauni na kofia ngumu juu ya mtandio, akaamini kwamba mzee anakuja kuona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Ilimuuma, lakini hakuuliza.

Jumatatu Biubwa akaleta habari. Ussi, kaka yake, mwenye farasi, anakuja Alhamisi. Anataka kuona mizunguko mitatu ya shoti bila kukatika. Ikiwezekana, Samli atabaki na Zulfa atafundishia watoto na wageni. Akikatika, Jumamosi anapandishwa chomboni na kurudishwa bara. Zulfa alimpenda yule mnyama kupita kiasi, na sioni haya kulisema. Usiku alimwota.

"Kwa nini langoni humsonyi?" Biubwa akamuuliza hatimaye.

"Pale pana mjomba."

Biubwa alicheka, kisha akaacha kucheka, maana naye kalelewa. "Mwambie ahamishe krete."

"Nimwambieje? Mjomba, sogea nipate kusonya?"

Alhamisi Ussi alifika, mtu mnene mwenye miwani, akasimama kivulini karibu na tangi. Mjomba Hemedi naye alikuja, tena kwa kanzu ya Ijumaa, akakaa pale pale. Zulfa alimwona akakata tamaa.

Mzunguko wa kwanza tangi likapita, banda likapita, mpapai ukapita. Langoni akakaa wima, akabana mguu, akashika hatamu ya nje, akafunga mdomo. Samli akakatika.

Ussi alitikisa kichwa. "Haya, mara moja tena. Anza upya. Baada ya hapo tusilaumiane."

Zulfa akaanza upya. Alipolikaribia lango midomo ikamkauka. Akasikia msonyo, mrefu, mkali, na haukuwa wake. Mjomba Hemedi alikuwa amekaza macho upande wao. Aibu ilimpanda Zulfa mpaka masikioni: leo mzee kachoka, kamsonya hadharani! Lakini chini yake Samli aliinua mgongo, akaikata kona kwa shoti yake ile ile laini, na walikuwa tayari wanalielekea tangi.

Mzunguko wa pili, msonyo tena pale pale. Safari hii alimwona mzee ameinama mbele, kashika magoti, hamtazami yeye. Anaitazama miguu ya farasi.

Mzunguko wa tatu mzee alivuta, lakini meno yake ya mbele yalikuwa mawili tu na pumzi ilikuwa imemwishia. Ikatoka hewa tupu, fyuu, kama baiskeli iliyotoboka. Samli akalegea. Zulfa aliusikia mwendo ukitaka kuvunjika chini ya paja lake. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri. Akamtazama mjomba wake aliyemlea, akamsonya, msonyo wa miaka ishirini na saba, mpaka Biubwa akajishika kinywa.

Kona ikapita.

"Huyu abaki," alisema Ussi, akaulizia chai.

Zulfa alishuka kabla farasi hajasimama sawasawa, akaenda akapiga magoti mchangani mbele ya krete. "Nisamehe, mjomba. Farasi kafunzwa hivyo, wallahi si..."

"Nimeelewa." Mzee alikuwa bado anahema. "Wiki tatu nilikuwa nakutazama wewe. Leo ndipo nilipomtazama farasi: kila akisonywa, anainua mgongo."

"Na hizo wiki tatu ulidhani nini?"

Mjomba Hemedi alijifuta midomo kwa kitambaa. "Nakusikia kule kwenye tangi unasonya. Kule bandani unasonya. Ukifika kwangu, kimya. Nikasema, mtoto ananisonya akishanipa mgongo."

"Na ukawa unakuja tu? Kila siku?"

"Nisingekuja, ukianguka nani angekuokota?"

Mzee alimshika bega, akajiinua, akalichukua krete lake.

"Leo umenisonya usoni," alisema. "Afadhali."