Hata Unywele

Nasema na narudia: mkono wangu ulikuwa juu, na kila mtu aliuona. Refa nikiinua mkono, faulo hiyo haifungwi moja kwa moja; lazima mchezaji mwingine auguse mpira kwanza. Mdogo wangu, mshambuliaji wa timu iliyopiga faulo hiyo, aliruka, mpira ukampita juu ukatinga wavuni, naye akaapa mbele ya uwanja mzima kwamba ameugusa kwa kichwa. Nilikuwa karibu naye kabisa. Haukumgusa hata unywele! Nikalikataa goli, wakafungwa, nikatukanwa mpaka basi.

Jioni mama akanipigia simu. "Leo usije kula, mwanangu. Wenzake mdogo wako wamejaa hapa. Acha wapoe."

Nikabaki chumbani kwangu, nafua jezi yangu nyeusi kwenye beseni. Simu ikaita tena.

"Kaka," mdogo wangu akanong'ona, "kweli sikuugusa."

"Sasa si uwaambie!"

"Thubutu! Wanile mbichi?"

Nyuma yake nikamsikia mama: "Unaongea na nani huko?"

"Hakuna mtu, mama," akajibu, akakata simu.