Zungusha Kidogo Tena

Simu ya dada yake ilimkuta fundi wa madishi juu ya paa la mteja, bisibisi mdomoni, na dada huyo hakuwa mtu wa kupoteza muda kwa salamu.

"Wewe unaitwa fundi wa nini hasa?" aliuliza. "Nimetoka kwa Baba sasa hivi. Televisheni yake haioneshi kitu. Mzee anakaa anaangalia kioo cheusi."

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. "Tangu lini?"

"Tangu wale wachimba mitaro wakate waya wa kebo pale barabarani, mvua zilipoanza. Nimemuuliza, mbona hukumwambia mwanao? Akanijibu, 'Yule ni fundi wa dishi. Hii ya waya siyo kazi yake, nisimsumbue.'"

Halafu akakata simu. Dada alijua mahali pa kukatia.

Mvua zilianza zamani. Fundi alijaribu kukumbuka lini alikwenda kwa baba yake mara ya mwisho, akaona afadhali asikumbuke. Roho ilimsuta, na ilikuwa na haki ya kumsuta, kwa sababu kebo ile ilikuwa wazo lake mwenyewe. Fundi wa madishi, mtu ambaye nusu ya mtaa inaona picha kwa mikono yake, alikuwa amemng'olea baba yake dishi na kumwekea waya wa watu wengine. Ni kama mwokaji kumpelekea mama yake mkate wa duka la jirani.

Sababu ilikuwa mvua. Kila mtu mwenye dishi anaijua hadithi: wingu likikaza, picha inaganda, watu wanabaki midomo wazi, nyuso zinakatika vipande, kisha yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Dawa yake ni kusubiri. Mvua ikipita, picha inarudi yenyewe. Fundi alimweleza baba yake jambo hilo mpaka ulimi ukachoka. Mzee anaitikia vizuri kabisa, na wingu likipita tu anapiga simu: "Upepo umelisogeza dishi. Njoo uliangalie."

Basi fundi anakwenda, anapanda, na baba yake anasimama dirishani, shingo nje.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado! Zungusha kidogo!"

Ungewasikia mtaa wa pili. Na watu hawa wawili, wakikaa sebuleni, hawakuwa na maneno. Baba anauliza watoto hawajambo, fundi anajibu hawajambo, wanatazama televisheni mpaka mmoja aage. Lakini mmoja akiwa juu ya paa na mwingine dirishani, mzee alikuwa jemadari. Kulia! Hapana, umepitiliza! Rudi! Fundi alishuka akiwa hoi, huku wateja wanampigia simu kutoka kila upande, maana siku za mvua ndizo siku zake.

Mwisho akachoka. Siku moja akashuka, akapangusa mikono, akasema kichwa cha dishi, kile kidude cha mbele kinachonasa mawimbi, kimekufa na vichwa vya aina ile havipatikani tena. Uongo mweupe, mchana kweupe. Kichwa kilikuwa kizima. Akawaita watu wa kebo, akamwambia baba yake, "Hii hata ije mvua ya mawe, picha haitikisiki." Kweli haikutikisika. Simu za mzee zikakoma, na fundi, Mungu amsamehe, alipumua.

Mchana huo alimaliza kazi ya mteja kwa haraka na kupitia dukani, akanunua kichwa kipya cha dishi. Hakukihitaji. Alikinunua ili uongo wake uwe na pa kusimama.

Baba yake alifungua mlango na kumtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Dada yako huyo. Mdomo wake haufungiki."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekwambia nini? Watu wa waya watakuja."

Sebuleni kiti chake kilikuwa bado kimeelekea televisheni. Rimoti ilikuwa juu ya mkono wa kiti, ndani ya mfuko wake wa nailoni, tayari kwa kazi ambayo haipo. Fundi aliona afadhali angetukanwa.

"Nakurudishia dishi," alisema.

"Si ulisema limekufa?"

"Nimepata kichwa." Akapapasa mfuko wa koti.

Mzee alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi amelikumbatia dishi lenyewe, limefunikwa gunia. Alipolifunua, fundi alitazama kwanza bolti, kwa mazoea. Hazikuwa na kutu hata chembe. Mtu alikuwa akizipaka mafuta.

"Nilijua tu kichwa kitapatikana siku moja," mzee alisema. "Wewe ukitafuta kitu hukikosi."

Uso ulimshuka fundi. Alichukua ngazi akapanda upesi, ili asiendelee kusifiwa.

Siku hizi alikuwa na kipima mawimbi, kidude cha kuning'iniza shingoni kinacholia dishi likipata uelekeo. Hahitaji tena mtu wa dirishani. Alifunga dishi, akaunganisha kichwa kile kile cha zamani, akazungusha taratibu, na kidude kikalia mfululizo. Mawimbi yalijaa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na manyunyu yameanza, lakini kwa manyunyu tu picha haiendi popote. Alikuwa anakaza bolti ya mwisho dirisha lilipofunguka.

"Mimi niko tayari!" mzee alipaza sauti.

Fundi aliuliza kwa adabu tu. "Imekuja, Baba?"

"Bado!"

Akatazama kipima. Kimejaa. Akapapasa waya, akasafisha maungio, akachomeka upya. "Sasa?"

"Bado! Zungusha kidogo kulia!"

Hakuzungusha kitu. "Sasa je?"

"Ilitaka kuja, ikaondoka! Zungusha kidogo tena!"

Hapo ndipo kutoka sebuleni iliporuka sauti ya mtangazaji wa mpira, amepandwa na wazimu, anavuta neno goli kama mtu aliyekanyagwa. Sauti ikazimwa ghafla.

"Bado!" mzee alisema.

Fundi alikaa chini juu ya mabati yaliyolowa. Alifikiria mvua zote zile za nyuma, kulia, kushoto, umepitiliza, rudi, na mara ngapi picha ilikuwa imeshakuja zamani na mzee ameipa mgongo. Alikuwa akidhani baba yake haelewi mambo ya mawimbi. Alimcheka mbele ya mafundi wenzake, na mbele ya mke wake pia. Sasa aliona aibu. Mzee alidanganya ili mwanawe asiondoke, na mwanawe akadanganya ili asije.

"Sasa?" aliita.

"Bado kidogo! Kushoto!"

"Hapa?"

"Umepitiliza! Wewe mkono wako mzito tangu utotoni!"

Waliendelea hivyo, dishi halijasogea hata unywele. Kisha mvua ikaanguka kwa nguvu, mabati yakaanza kuteleza, na sauti ya mzee ikabadilika.

"Shuka! Imekuja! Ni safi kabisa, shuka utateleza!"

Fundi aliingia kwa mlango wa jikoni, maji yanamchuruzika. Baba yake alimpa taulo. Wakakaa. Picha ilikuwa safi kwa muda mfupi, kisha mvua ikakaza, wachezaji wakaganda, na maandishi yakatokea.

"Upepo," mzee alisema.

Fundi alitoa kichwa kipya mfukoni, kingali ndani ya boksi lake, akakiweka mezani.

"Sikukifunga, Baba. Kile cha zamani hakikufa. Nilikudanganya. Nilichoka kuja."

Mzee alikitazama kile kiboksi, akakigeuza upande wa pili kana kwamba maelezo yako huko.

"Ulikuwa na kazi nyingi," alisema.

Fundi alitamani kofi. Udhuru aliopewa ulimuuma kuliko lawama, kwa sababu hakuwahi kuuomba na baba yake alikuwa nao tayari.

"Nitakuwa nakuja," alisema. "Hata kama hainyeshi."

"Kama hainyeshi, utakuja kutengeneza nini?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Na fundi alipokosa jibu, mzee alianza kumsaidia kulitafuta: macho yake yalipita kwenye taa, kwenye redio, kwenye mguu wa meza, chumba kizima, akitafuta kitu kilichoharibika.

"Mlango wa jikoni," alisema hatimaye. "Unakwaruza chini."

Fundi alikuwa ametoka kuupita mlango huo. Ulifunguka bila shida yoyote.

"Kweli," alisema. "Nimeusikia. Kesho nakuja na randa."