Kisima Kisichotaka Kuchunguliwa

Anayesema natia chumvi hakuwepo. Tulitoboa kisima cha mvuke kilomita mbili kwenda chini, na meno ya keekee yaliporudi juu, fundi mkuu aliyatumia kupigia pasi ovaroli yake. Joto lilikuwepo. Lakini kisima kilijaa maji baridi tuliyoyamwaga wenyewe tukichimba, kikanyamaza kama mkwe ugenini.

Fundi mkuu, mama mwenye sauti ya honi, alikuwa ameshachimba visima viwili bila kupata mvuke. Barua ikaja: hiki kisipopumua kufikia Ijumaa, kizibwe kwa saruji, naye arudi ofisini kupanga mafaili. Hakulia. Alianza tu kutafuna kucha.

Dawa ya kisima kizito inajulikana: funga vali, kishindilie hewa, maji yasukumwe chini yakapate moto, ungoje. Tukafunga. Ila kila asubuhi mmoja wetu alifungua kidogo, achungulie kama kimeiva. Hewa ikatoka fyuu, tukaanza upya.

Mpishi wa kambi alikuwa mke wangu. Jumatatu alileta chai, akatukuta tumeizunguka vali. Akauliza tumeifungua mara ngapi. Nikamwambia nne tu.

"Baba watoto, maharage yangu huwa unayafunua mara ngapi?"

"Hata mara moja. Unanikataza."

"Na huwa yanaiva, hayaivi?"

Akamwomba fundi mkuu kwa adabu, dada, nikabidhi hilo gurudumu la vali. Akaenda nalo jikoni, akalificha chini ya gunia la unga. Tulipomfuata na maneno matamu, alitufukuza kwa mwiko.

Ijumaa saa nne asubuhi akalirudisha. Fundi mkuu alifungua mwenyewe. Likatoka kohozi la matope. Halafu kimya. Halafu ardhi ikashusha pumzi iliyoibana tangu kuumbwa: nguzo nyeupe ikapanda, ikatoboa mawingu, na ngurumo yake niliisikia kwa magoti kabla ya masikio. Kofia yangu ngumu ilipaa nayo. Mpaka leo haijashuka.

Watu thelathini, hakuna aliyeshangilia. Fundi mkuu alikaa matopeni, akaweka kiganja juu ya udongo uliokuwa ukitetemeka, kama anayempima mwanawe homa.

"Kumbe ulikuwa hai," akasema.

Mvuke ule sasa unazungusha mashine, na umeme wake umefika hadi sebuleni kwetu. Huu ni mwaka wa tisa tangu nistaafu, na bado nikiwasha taa nasimama kidogo, nainamisha kichwa kuelekea sakafuni.

Na sufuria ya maharage siisogelei.