Chai Iliyochemshwa kwa Michoro

Kibao kilichotundikwa mlangoni petu kilisema: MAFUNZO YA KUFUMA, JUMANNE NA ALHAMISI. Mama yangu hakuwa fundi wa kufuma. Sweta pekee aliyowahi kuimaliza ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na Kaltumi, mmoja wa wanawake waliokuja kwetu, ambaye hakuwa mtu wa kumeza neno, alimwambia kwamba hata mbuzi angeivaa kwa kufungwa kamba kwanza.

"Basi nitafutie mbuzi," mama alijibu.

Mama yangu, Alanyo, alikuwa muuguzi. Kwa miaka kumi na mmoja alihudumu katika wodi ya wagonjwa wa akili, na wanawake waliendelea kumwita Sista hata baada ya kuiacha kazi hiyo. Mwaka wa sabini na saba, waume walipokuwa wakichukuliwa makazini na watu wa usalama na kutorudi, alianza kuwapokea akina mama na watoto wao sebuleni kwetu, katika nyumba ya tatu ya mteremko ulio chini ya hospitali ya Mulago. Walikuja wale ambao usingizi uliwakimbia, na wale ambao watoto wao wa miaka minane walikuwa wameanza upya kukojoa kitandani. Kukusanyika kwa watu kulihitaji sababu. Kwa hiyo kila mmoja alishika sindano na uzi, na aliyepita dirishani aliona wanawake wanaofuma.

Akina mama walizungumza huku wakifuma, kwani mama aliamini kwamba mkono wenye kazi huulegeza ulimi. Watoto walikaa mkekani wakachora kwa penseli kwenye migongo ya fomu kuukuu za kliniki. Agizo lilikuwa moja tu: "Chora kile kinachokuamsha." Mtoto alipomaliza, alimweleza mama mchoro wake sikioni. Kisha wawili hao walikwenda mlango wa nyuma, palipokuwa na sigiri, jiko letu la makaa, na mtoto mwenyewe akaitia karatasi motoni. Juu ya moto huo birika lilichemka. Chai ilipoiva, mchoraji alipewa kikombe cha kwanza, mara nyingi bila sukari, maana sukari siku zile ilikuwa imegeuka hadithi.

"Umekiona kikiondoka?" mama aliuliza kila mara.

"Nimekiona."

"Basi kunywa."

Mimi niliuona moto ule kuwa hasara. Nilikuwa mwaka wa pili Makerere, nikisoma saikolojia, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba siku moja nchi hii itadai ushahidi, nao ushahidi ulikuwa ukigeuka majivu mbele ya macho yangu. Nilimwambia mama hivyo.

"Ushahidi wako utakaa wapi, Anena?" aliniuliza. "Chini ya godoro la nani?"

Sikubadili imani.

Kaltumi alikuwa Mnubi, na mumewe, Kamis, alikuwa dereva wa watu wa usalama. Mama alimpokea kama alivyowapokea wengine. Binti yao, Aminah, wa miaka saba, hakuwa amesema neno kwa miezi mitano. Aligonga tu. Aligonga mgongo wa kiti, ukuta, sufuria: mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Kila alipogonga, sindano zote zilisimama na macho yakaelekea mlangoni.

Kwenye mkeka huohuo alikaa Akidi, wa miaka sita, binti wa Laker. Mume wa Laker, Oloya, alipuliza tarumbeta katika bendi ya polisi. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi aliondoka na tarumbeta lake kwenda mazoezini, wala hakufika. Tangu siku hiyo Laker alimwekea chakula kila jioni na kukifunika kwa sahani. Kaka yake aliyekuwa Kisumu alikuwa ameleta ujumbe: lori la mfanyabiashara mmoja wa soko la Kikuubo lingeondoka Jumamosi kuelekea Busia, mpakani na Kenya, na ndani yake palikuwa na nafasi mbili. Laker alikataa.

"Oloya anarudi, anakuta kufuli?" alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi nakaa."

"Mwanaume akikuta kufuli huuliza majirani, Mama Akidi," Kaltumi alimwambia. "Mdomo anao."

"Bwana yako anarudi kila siku. Wewe fuma."

Kaltumi akafuma, na kwa muda mrefu hakuinua uso.

Ilikuwa siku hiyohiyo, Alhamisi, ambapo Aminah alichora kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amemshika mwanamke mmoja aliyeishiwa pumzi kwa hofu, akimhesabia taratibu, kwa hiyo alinionyesha kwa kidevu niende na mtoto. Tulichuchumaa kando ya sigiri. Aminah alisogeza mdomo sikioni mwangu, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Baba alikuwa ananipeleka madrasa. Wenzake wakamtia mtu nyuma. Akagonga, akagonga. Baba akafungua redio."

Karatasi ilionyesha gari. Mbele aliketi mtoto mwenye mtandio. Ndani ya buti alikunjwa mtu mwenye suruali ya mstari ubavuni, na kifuani alikumbatia kitu chenye mdomo mpana.

"Na hii ni nini?"

"Faneli ya mafuta ya taa. Ilikuwa inang'aa."

"Halafu?"

"Alipoacha kugonga, baba akazima redio."

Suruali ya bendi, na faneli ambayo ilikuwa tarumbeta: nilijua kwamba nilikuwa nimeshika kifo cha Oloya mkononi. Nilijua pia kanuni ya nyumba. Niliikunja karatasi ile mara nne, nikaichomeka ndani ya mkono wa sweta yangu, na nikampa mtoto fomu tupu iliyokunjwa vivyo hivyo. Aliitia motoni. Nilimwuliza kama amekiona kikiondoka, akasema amekiona, akanywa. Mchana ule hakugonga tena, na Kaltumi alitoka akilia kwa furaha, akimbusu mama mikono.

Wageni walipokwisha kuondoka nilimweleza mama kilichosemwa, lakini si nilichokificha.

"Laker anapaswa kujua," nilisema. "Lori linaondoka keshokutwa. Anamngoja mtu ambaye hayupo. Akijua, ataondoka."

Mama alikuwa akiokota nyuzi sakafuni. Aliketi palepale chini.

"Kilichosemwa sikioni si chetu kukigawa, mwanangu. Tena hujui unachompa."

"Ninampa ukweli."

"Hilo ndilo usilolijua."

Niliichukua kauli hiyo kuwa woga wa watu wazima, ule uliokuwa ukiilea dhuluma kimyakimya. Ijumaa, jua likiwa utosini, nilishuka hadi Kisenyi, ambako Laker alipanga chumba nyuma ya gereji. Akidi alikuwa kizingitini akichambua maharage. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa vitabu begani, nikampa mama yake karatasi.

Laker aliifungua, akaifuata suruali kwa kidole, kisha ile faneli.

"Ni ya Oloya hii," alisema.

Hakulia. Nilimweleza yote niliyokuwa nimejiandaa kueleza: kwamba hakuna tena wa kukuta kufuli, kwamba lori lilikuwa kesho alfajiri, kwamba Akidi angesoma shule Kisumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize salamu.

"Wapi mwili yake?"

"Mama Akidi, sijui. Hakuna anayejua."

"Mwenye gari anajua." Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile. "Wewe umezaliwa hapa Kampala. Mtu amepotea, mimi naweza kuacha. Anatembea, anauliza, ananifuata. Mtu amekufa naacha namna gani? Nani anamzika? Watu ya kwao Gulu wataniuliza, mtoto yetu umeacha kwenye majani, wewe ukapanda lori?"

Hakuniuliza mchoro ni wa nani. Mtoto mwenye mtandio alikuwa mmoja tu kwenye mkeka wetu. Laker alivaa viatu vya kanisani, akanikabidhi Akidi nikae naye hadi jioni. Nilimsihi. Nilimshika mkono, naye akauondoa mkono wangu polepole, bila hasira, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo.

Jioni ilipita, nikamleta Akidi kwetu, na alfajiri lori likaondoka bila wao.

Kaltumi alikuja Jumapili. Hakukubali kuketi, wala hakunitazama. Alimwambia mama kila kitu akiwa amesimama, kanga ameikaza kiunoni. Laker alifika kwao bila ugomvi. Alimsalimu Kamis, akamwonyesha karatasi, akamwambia hataki kesi, hataki fidia, anataka kuonyeshwa mahali tu.

"Kamis akaitazama, kisha akanitazama mimi. Akamwambia, ingia garini, nitakuonyesha. Akaingia mwenyewe, Sista. Hakuna aliyemsukuma. Alikaa mbele, mfuko kwenye mapaja. Gari lilirudi bila yeye."

Mama aliketi polepole.

"Mimi na Aminah tunapelekwa Bombo kwa mkwe wangu. Ninyi Kamis hakuwataja kwa wakubwa wake, kwa sababu akiwataja atakuwa amemtaja na binti yake. Lakini kile kibao kitoe."

"Aminah yu hali gani?"

"Anagonga." Alifika mlangoni, akageuka. "Nilimwona kwa macho yangu akinywa chai ile. Kwa hiyo moto wenu ulichoma nini?"

Alipokwisha kwenda, mama alinitazama, na sikuhitaji kukiri. Hakunipiga, hakupaza sauti. Ningetamani afanye mojawapo. Alikwenda nje, akakishusha kibao, akakipasua vipande kwa shoka na kuvipanga kando ya sigiri.

Jumanne hakuja mtu. Sindano zilikuwa kwenye kikapu. Akidi, ambaye tangu Ijumaa hakuwa ameuliza mama yake yuko wapi, alijikalia mkekani bila kuambiwa, akavuta fomu na penseli. Alichora muda mrefu. Alipomaliza alimpelekea mama, lakini mama aliinama sikioni mwangu badala yake.

"Hii ni yako," alisema, akaingia chumbani.

Tulichuchumaa kando ya sigiri. Karatasi ilionyesha mlango, na mlangoni mwanamke mwenye viatu vya kanisani. Mbele yake alisimama mwingine mwenye mfuko begani. Kati ya mikono yao palikuwa na kiboksi kidogo, kama karatasi iliyokunjwa mara nne, kilichopakwa weusi kwa nguvu kiasi kwamba penseli ilikuwa imeichana karatasi.

"Huyu ni wewe," Akidi alinong'ona.

"Ndiyo."

Nilinyoosha mkono ili tuikunje pamoja. Aliirudisha kifuani. Kumbe Alhamisi ile alikuwa mkekani, hatua nne kutoka hapa, akitazama mikono yangu ikibadilisha karatasi.

"Mikono," alisema.

Nilimwonyesha mikono yangu mbele na nyuma. Niliikunja na mikono ya sweta hadi viwikoni. Ndipo alipoitia karatasi motoni yeye mwenyewe, bila kuikunja, na tukaitazama ikijikunyata. Nililiinjika birika juu ya vipande vya kibao. Maji yalipochemka nilimmiminia kikombe cha kwanza.

"Umekiona kikiondoka?" nilimwuliza.

Akidi alitazama ndani ya sigiri, kisha akanitazama mimi.

"Hapana," alisema, akakisukuma kikombe upande wangu.